Ajali Ina Kinga: Mafunzo ya Usalama wa Maabara kutokana na Ajali za Kemia

Katika mitaa na vijiji vingi, jambo baya linapotokea watu hufarijiana kwa kusema, "Ajali haina kinga." Ni maneno ya faraja, na mwenye kufikwa na msiba huyahitaji. Lakini maneno hayohayo yakitumika kueleza chanzo cha ajali, hufunga mlango wa kujifunza. Huwaacha walio hai bila la kufanya ila kungoja ajali nyingine.

Historia ya somo la Kemia inatoa ushahidi tofauti. Ajali kadhaa za maabara zimechunguzwa kwa kina katika nchi mbalimbali na taarifa zake zimewekwa wazi kwa umma. Ukizisoma, unakuta kwamba kabla ya mlipuko au moto palikuwa na hatua ndogondogo: onyo lililopuuzwa, koti lililobaki kwenye msumari, chupa iliyoachwa mezani, kanuni iliyosemwa kwa mdomo bila kuandikwa. Kila hatua ilikuwa nafasi ya kuizuia ajali.

Jambo hili linazihusu kata zetu moja kwa moja. Katika kampeni ya kitaifa ya ujenzi wa maabara za shule za sekondari za kata, iliyopamba moto mwaka 2014, wananchi walichangia fedha, mchanga, mawe na nguvu kazi ili kila shule iwe na maabara tatu: ya Fizikia, ya Kemia na ya Baiolojia. Maabara hizo ni mali ya wananchi, na wanaoingia humo ni watoto wao. Mtoto wa Kidato cha Kwanza au cha Pili hushika tindikali, spiriti na moto kwa mara ya kwanza maishani mwake ndani ya chumba hicho. Makala hii inaeleza ajali tano zilizotokea mahali pengine na mafunzo yake kwa walimu, wanafunzi, wazazi na bodi za shule.

Onyo lililofika kwa barua

Mwaka 1811 mwanakemia wa Ufaransa, Pierre Louis Dulong, aligundua kimiminika cha manjano kilichotokana na naitrojeni na klorini. Kimiminika hicho hulipuka kwa kuguswa, kwa kupashwa joto au hata kwa mwanga mkali. Ugunduzi huo ulimgharimu Dulong jicho moja na baadhi ya vidole vya mkono.

Habari zilimfikia mwanasayansi mashuhuri wa Uingereza, Humphry Davy, kwa barua ya mwanafizikia André-Marie Ampère. Barua ilieleza ugunduzi, na ikaeleza pia madhara yaliyompata mgunduzi. Davy alifahamu hatari hiyo, lakini aliendelea na majaribio yake mwenyewe, na mwishoni mwa mwaka 1812 mlipuko ukamjeruhi jicho. Kwa kuwa hakuweza kuandika kwa muda, alimwita kijana mmoja aliyekuwa fundi wa kujalidi vitabu amsaidie kazi ya uandishi. Kijana huyo alikuwa Michael Faraday, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa wanasayansi wakubwa wa karne ile.

Mwaka 1813, Davy na Faraday walipokirudia kimiminika kilekile, walivaa vifuniko vya uso vya kioo. Milipuko ilitokea tena na Faraday akajeruhiwa vidole, lakini macho yake yalisalimika.

Fundisho la kisa hiki ni jepesi kulisema na gumu kulifuata: kuijua hatari si sawa na kujikinga nayo. Davy aliyajua yote yaliyompata Dulong, lakini ujuzi huo haukumsaidia mpaka ulipogeuka kuwa kifaa alichokivaa usoni. Mwanafunzi anayeweza kuandika katika mtihani kwamba tindikali huunguza, kisha akaimimina bila miwani ya kinga, anarudia kosa lililokwisha kulipiwa zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Chupa kubwa karibu na mwali

Ajali za pili hazikutokea kwa mabingwa wa utafiti. Zilitokea mbele ya watoto, na ndizo zinazofanana zaidi na mazingira ya shule za kata.

Katika nchi nyingi walimu wa Kemia hupenda kuonyesha rangi za miali ya moto. Chumvi zenye sodiamu hutoa mwali wa manjano, za shaba hutoa kijani, za lithiamu hutoa wekundu. Ni somo zuri na mwanafunzi halisahau. Tatizo lilikuwa katika njia iliyozoeleka: walimu walitia chumvi hizo katika vibakuli, wakamwagia methanoli, ambayo ni aina ya spiriti, kisha wakawasha. Mwali ulipofifia, mwalimu alichukua chupa kubwa na kuongeza methanoli.

Mwaka 2006, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, mwanafunzi wa kike aliungua zaidi ya asilimia 40 ya mwili katika onyesho la namna hiyo. Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilitengeneza filamu fupi ambamo alieleza mwenyewe yaliyompata, na filamu hiyo ikatolewa Desemba 2013. Wiki chache baadaye, tarehe 2 Januari 2014, onyesho lilelile liliwaunguza wanafunzi katika shule ya sekondari jijini New York, mmoja wao vibaya sana. Jumuiya ya Kemia ya Marekani ikatoa wito wa kuliacha kabisa onyesho hilo likifanywa kwa spiriti juu ya meza ya wazi. Hata hivyo, tarehe 3 Septemba mwaka huohuo, watu 13, wengi wao watoto, walijeruhiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi mjini Reno, jimbo la Nevada. Siku 12 baadaye, mwanafunzi mwingine akaungua vibaya katika shule mjini Denver, jimbo la Colorado. Katika matukio yote mawili ya Septemba, methanoli ilikuwa ikiongezwa kutoka katika chupa ya lita nne.

Ili kuona kwa nini jambo hili hujirudia, ni lazima kuelewa kinachoungua. Spiriti yenyewe haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Methanoli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto kuanzia joto la takribani nyuzi 11 za Selsiasi. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu, saa za masomo, joto la chumba huwa juu ya kiwango hicho. Maana yake ni kwamba chupa ya spiriti iliyofunguliwa tayari inatoa mvuke unaoweza kushika moto, hata kama hakuna aliyeipasha joto. Zaidi ya hayo, mwali wa methanoli ni hafifu mno na mchana unaweza usionekane. Mwalimu hudhani moto umezimika, kumbe bado unawaka.

Anapomimina, mwali hufuata njia ya mvuke mpaka kwenye mdomo wa chupa na kuingia ndani. Hewa na mvuke vilivyomo huwaka kwa ghafla, na shinikizo husukuma spiriti iliyobaki nje kama bomba la moto, mita kadhaa kuelekea upande ambao mdomo wa chupa umeelekezwa. Chupa iliyopungua ina nafasi kubwa zaidi ya mvuke na hewa, kwa hiyo haina usalama kuliko iliyojaa. Na upande unaoelekezwa mdomo wa chupa, darasani, ndiko waliko wanafunzi.

Shule nyingi zisizo na gesi hutumia taa za spiriti kupashia joto vifaa vya majaribio. Hatari iliyoelezwa hapo juu ni ileile mtu anapoijaza taa hiyo ingali inawaka, au inapozimika na kujazwa kabla haijapoa. Kanuni zinazofaa kuandikwa ukutani kwa herufi kubwa ni hizi:

1. Taa ya spiriti hujazwa ikiwa imezimwa na kupoa, mbali na moto mwingine wowote.
2. Chupa kubwa ya spiriti haiingii kwenye meza ya majaribio. Hubaki stoo, na kinachopelekwa mezani ni kiasi kidogo katika chombo kidogo chenye kifuniko.
3. Taa huzimwa kwa kifuniko chake; haipulizwi kwa mdomo.
4. Rangi za miali huonyeshwa kwa kuchovya kijiti cha mbao au waya safi katika maji ya chumvi husika, kisha kukipitisha kwenye mwali. Mwanafunzi huona rangi zilezile bila kumwaga spiriti.

Ni vyema kutambua kwamba maonyo ya Marekani hayakukosekana. Yaliandikwa, yalichapishwa na yalirekodiwa katika filamu. Kilichokosekana ni njia ya kuyafikisha kwa mwalimu aliyesimama mbele ya darasa siku ile. Onyo lililobaki kwenye faili halimkingi mtu.

Koti lililobaki msumarini

Tarehe 29 Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23, Sheharbano Sangji, alikuwa akihamisha kimiminika ambacho huwaka chenyewe kikigusana na hewa. Alitumia bomba la sindano la plastiki. Kijiti cha kusukumia kikachomoka, kimiminika kikamwagika na kuwaka. Hakuwa amevaa koti la maabara, na sweta lake lilikuwa la nyuzi za viwandani, zile ambazo huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Bafu la dharura lilikuwepo maabarani, lakini halikutumika. Alifariki tarehe 16 Januari 2009, siku 18 baada ya ajali.

Uchunguzi ulibainisha jambo zito zaidi. Takribani miezi miwili kabla ya ajali, wakaguzi wa usalama wa chuo walikuwa wameitembelea maabara hiyo na kuandika kwamba wafanyakazi hawavai makoti. Dosari ilijulikana, ikaandikwa, na haikurekebishwa. Baadaye chuo hicho na profesa aliyesimamia maabara walifunguliwa mashtaka ya jinai, jambo ambalo halikuwa limezoeleka kabisa kwa ajali ya maabara ya chuo nchini Marekani. Mashauri yalimalizika kwa makubaliano mwaka 2012 na 2014, na chuo kikaanzisha ufadhili wa masomo kwa jina la marehemu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukaguzi ni njia ya kuuona ufa. Kuuziba ni kazi nyingine, nayo inahitaji mtu aliyetajwa kwa cheo chake na tarehe ya mwisho ya kuikamilisha. Bodi ya shule inayopokea taarifa kwamba maabara haina maji, haina budi kuandika katika mihtasari yake nani atafanya nini na lini, na kikao kinachofuata kianze kwa swali hilo.

Kisa hiki kina fundisho pia kwa mzazi. Koti la maabara si pambo wala alama ya udaktari. Koti la pamba lenye mikono mirefu huchelewesha moto na tindikali visifike kwenye ngozi, na huweza kuvuliwa kwa haraka. Mahali ambapo makoti hayatoshi, shule inaweza kuwa na makoti machache yanayovaliwa kwa zamu na kundi linalofanya jaribio. Viatu vilivyofunika mguu ni lazima. Kandambili hazina nafasi maabarani. Nywele ndefu, hijabu na mitandio havikatazwi, ila hufungwa na kuchomekwa ndani ya koti visining'inie juu ya mwali.

Kidogo kilichozidishwa mara mia

Tarehe 7 Januari 2010, katika Chuo Kikuu cha Texas Tech, wanafunzi wawili wa shahada za juu walikuwa wakitengeneza kemikali inayolipuka kwa ajili ya utafiti. Kiasi kilichoruhusiwa kilikuwa miligramu 100, sawa na punje chache. Wao walitengeneza gramu 10 hivi, yaani mara mia moja zaidi, ili wapate kiasi cha kutosha majaribio mengi kwa mara moja. Kemikali ilikuwa na mabonge, na mmoja wao akaanza kuyasaga taratibu kwa kinu na mchi. Alikuwa ameivua miwani yake. Mlipuko uliotokea ulimpotezea vidole vitatu, ukamuunguza mikono na uso na kumjeruhi jicho.

Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilichunguza ajali hiyo na kutoa ripoti mwaka 2011. Iligundua kwamba kikomo cha miligramu 100 kilikuwa kimesemwa kwa mdomo, na hakukuwa na utaratibu wa kuhakikisha kwamba kila anayehusika anakifahamu. Iligundua pia kwamba katika maabara hiyohiyo kulikuwa na matukio mengine ya nyuma, ambayo kwa bahati hayakumdhuru mtu. Kwa kuwa hakuna aliyeumia, hayakuandikwa mahali ambapo wengine wangejifunza.

Kwa shule ya sekondari, hesabu hii ya kiasi ina maana kubwa. Jaribio lililoandikwa kwa matone matano halifanywi kwa kijiko kizima ili "lionekane vizuri." Tindikali kali inapochanganywa na maji, joto linalotoka huongezeka kadiri kiasi kinavyoongezeka. Kwa sababu hiyo kuna kanuni ya kale ya wanakemia: tindikali hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ikikorogwa, kamwe maji hayatiwi ndani ya tindikali. Tone la maji likiangukia tindikali kali ya salfa huchemka papo hapo na kuirusha tindikali usoni mwa anayemimina. Likiwa tone la tindikali ndani ya maji mengi, joto husambaa na kupotea katika maji hayo. Tindikali kali hupunguzwa nguvu na mwalimu au fundi sanifu wa maabara kabla ya kipindi. Si kazi ya mwanafunzi.

Hali kadhalika, kila maabara inahitaji daftari la matukio. Humo huandikwa chupa iliyopasuka, mwanafunzi aliyerukiwa na tone mkononi, taa iliyoanguka bila kuwasha kitu. Daftari hilo halikusudiwi kumpatia mtu adhabu. Mwalimu au mwanafunzi akijua kwamba akiandika ataadhibiwa, daftari litabaki tupu na hatari itabaki maabarani.

Tone lililopenya glavu

Kisa cha mwisho ni cha mtu aliyefuata kanuni. Karen Wetterhahn alikuwa profesa wa Kemia katika Chuo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire, na bingwa wa madhara ya metali zenye sumu. Tarehe 14 Agosti 1996 alikuwa akitumia kiwanja cha zebaki kiitwacho dimethili ya zebaki. Alifanya kazi ndani ya kabati maalumu linalovuta mvuke kuupeleka nje, akiwa amevaa koti, miwani na glavu za mpira. Tone moja au mawili yakadondokea glavu.

Hakuhisi kitu. Miezi mitano ikapita ndipo alipoanza kupoteza uwiano wa mwili na ufasaha wa kusema. Vipimo vilionyesha zebaki ya mikrogramu 4,000 katika kila lita ya damu, mara 20 ya kiwango kinachohesabiwa kuwa cha sumu. Alifariki tarehe 8 Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 48. Majaribio yaliyofanywa baadaye yalidhihirisha kwamba kemikali hiyo hupenya glavu nyembamba za mpira ndani ya sekunde 15 au chini yake. Kinga aliyoivaa ilikuwa kinga kwa vitu vingine, si kwa kile alichokishika. Kifo chake kiliwafanya wenye mamlaka na maabara nyingi kubadili miongozo ya glavu na kuacha kutumia kemikali hiyo pale inapowezekana.

Kemikali hiyo haipatikani katika shule za sekondari, na haifanani na zebaki ya kawaida inayoonekana kama maji ya fedha. Lakini fundisho lake linafika mbali. Kwanza, kinga huchaguliwa kulingana na hatari. Glavu ya hospitali si ngao ya kila kitu. Pili, sumu nyingine hazina maumivu ya papo hapo, kwa hiyo kukosa maumivu si dalili ya usalama.

Fundisho hili linawagusa pia wananchi wa maeneo ya uchimbaji mdogo wa dhahabu. Zebaki inapochomwa ili kuiacha dhahabu, mvuke wake hauonekani wala haunuki, na kitambaa kinachofungwa puani hakiuzuii. Kuchomea zebaki jikoni au ndani ya nyumba wanamolala watoto ni kuwavutisha sumu familia nzima. Kifaa cha kunasa mvuke huo, kitumiwe nje, mahali penye hewa na mbali na makazi. Hali kadhalika, kipimajoto cha zebaki kikivunjika shuleni, wanafunzi watoke, madirisha yafunguliwe, na matone yakusanywe na mtu mzima kwa karatasi ngumu katika chupa yenye kifuniko. Yasifagiliwe kwa ufagio, kwani ufagio huyatawanya.

Kinachounganisha visa hivi

Watu waliotajwa hapa hawakuwa wajinga. Baadhi yao walikuwa miongoni mwa wanakemia bora wa nyakati zao. Kinachounganisha visa vyao ni kwamba usalama uliachwa utegemee kumbukumbu na bahati ya mtu mmoja. Pale ambapo kanuni imeandikwa, kifaa kipo karibu, msimamizi anakagua na dosari inarekebishwa, mtu anaweza kusahau siku moja na asiangamie.

Jambo la pili ni mfano wa mkubwa. Mwana hutazama kisogo cha nina. Mwalimu anayefyonza tindikali kwenye pipeti kwa mdomo, badala ya kutumia kifyonzeo cha mpira, amefundisha somo ambalo bango la ukutani haliwezi kulifuta. Mwalimu anayevaa miwani kabla ya kuwasha taa amefundisha somo jingine.

Wajibu wa mzazi, bodi na mkazi wa kata

Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na usalama mahali pa kazi unasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Lakini mlinzi wa kila siku wa maabara ya kata ni jamii inayoizunguka. Katika kikao cha wazazi, au kwa kupitia mjumbe wa bodi ya shule, mkazi anaweza kuuliza maswali haya:

1. Je, maabara ina maji ya kutosha wakati wote wa kipindi? Pasipo na bomba, ndoo kubwa yenye koki na maji safi inafaa, mradi ijazwe kabla ya kipindi.
2. Je, kuna kizima moto ambacho muda wake haujapita, blanketi la moto na ndoo ya mchanga mkavu?
3. Je, milango hubaki bila kufungwa kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani, na njia haijazibwa na viti?
4. Je, kila chupa ina lebo inayosomeka, na stoo ya kemikali ina kufuli na madirisha ya kupitisha hewa?
5. Je, tindikali zimetengwa na spiriti, na chupa nzito zimewekwa chini badala ya rafu za juu?
6. Je, kemikali zilizokwisha muda zinaondolewa kwa ushauri wa wataalamu, badala ya kumwagwa shimoni au mtoni?
7. Je, wanafunzi wamefanya zoezi la kutoka nje kwa dharura mwaka huu?

Mengi kati ya hayo hayahitaji fedha nyingi. Lebo, mchanga, ufunguo na daftari vinapatikana katika kila kata.

Mkazi ana wajibu mwingine nyumbani kwake. Madumu na chupa zilizobeba kemikali za shule au kiwandani zisitumike kuhifadhia maji, maziwa wala mafuta ya kula. Tindikali ya betri, mafuta ya taa na dawa za mifugo visiwekwe katika chupa za soda au za maji, kwa kuwa mtoto huitambua chupa kwa sura yake.

Ajali ikitokea

Kemikali ikiingia jichoni, jicho lioshwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka, kope zikiwa wazi, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Tindikali ikimwagikia ngozi, nguo zilizolowa zivuliwe huku maji mengi yakimiminwa. Nguo zikishika moto, mtu asikimbie; alale chini na kubingirika, au afunikwe kwa blanketi. Jeraha la moto lipozwe kwa maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Lisipakwe dawa ya meno, yai, majivu wala mafuta. Mtu aliyemeza kemikali asilazimishwe kutapika, kwani kinachounguza kikishuka huunguza tena kikipanda. Chupa au lebo ya kemikali ipelekwe pamoja na mgonjwa ili mganga ajue anachotibu. Kwa moto, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, bila malipo.

Wananchi waliochangia tofali la maabara walikuwa na lengo moja: watoto wao wasome sayansi kwa vitendo kama wenzao wa mahali pengine. Lengo hilo halikamiliki kwa jengo peke yake. Linakamilika mwanafunzi anapoingia maabarani akiwa na macho mawili na vidole kumi, akajifunza, na akatoka akiwa navyo vyote.